Ukimwona mtu na bastola kiunoni Texas: la kufanya, na jinsi mambo yalivyofika hapa

Mimi ni mkalimani, mzaliwa wa Tanga, na makazi yangu ni Fort Worth, Texas. Nafanya kazi na familia zilizoletwa huku kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nakivale, wengi asili yao Kivu, mashariki mwa Kongo. Kabla hatujafika kwenye kodi ya nyumba na shule za watoto, huulizwa habari za bunduki. Mama mmoja wa Uvira alininong'oneza tukiwa kwenye foleni ya supamaketi: "Dada, huyu ni askari wa nani?" Mbele yetu alisimama mzee wa kofia pana, boksi la mayai mkononi, bastola kiunoni nje nje. Mama alikuwa na haki ya kuuliza. Alikotoka, mwanamume mwenye silaha na asiye na sare ana mkubwa wake porini, na ukimwona unachukua watoto unakimbia. Yule mzee hakuwa askari wa mtu yeyote. Alikuja kununua mayai.

Basi jambo la kwanza, tazama silaha iko wapi na mikono iko wapi. Sheria ya Texas inataka bastola inayoonekana iwe ndani ya ala yake, yaani mfuko wa kuibebea. Ikiwa iko ndani ya ala na mwenyewe anaendelea na shughuli zake, endelea na zako. Usimkodolee macho, usimpige picha, wala usimsogelee kumuuliza kwa nini ameibeba. Bunduki ndefu haidaiwi ala, kwa hiyo unaweza kumwona mtu ameining'iniza mgongoni na bado hajavunja sheria.

Mambo hubadilika silaha ikiwa mkononi, ikielekezwa kwa watu, au mwenye nayo akiwa anafoka na kutishia. Kuonyesha silaha hadharani kwa nia ya kutia watu hofu ni kosa hata Texas. Hapo usisubiri uhakika. Toka na watoto kwanza, acha toroli na vitu vyote ulivyonunua, jikinge nyuma ya ukuta wa zege au upande wa injini ya gari, ndipo upige 911, namba ya dharura. Kama Kiingereza hakitoshi, sema "Swahili" na usikate simu. Vituo vingi huunganisha mkalimani. Taja mahali kwanza, kisha mavazi ya mtu huyo, kisha anachofanya. Polisi wakifika, mikono yako iwe mitupu na ionekane, hata simu iweke chini.

Jifunze pia kusoma milango. Maduka, zahanati na makanisa yanaweza kukataza silaha kwa kubandika tangazo la Kiingereza na Kihispania lenye namba ya kifungu cha sheria. Namba 30.07 inawakataza wenye leseni kubeba bastola waziwazi, 30.06 inawakataza kuibeba kwa kificho, na 30.05 inawahusu wasio na leseni. Alama nyekundu ya 51% ni ya baa, yaani mahali ambapo zaidi ya nusu ya mapato hutokana na pombe inayonywewa hapo hapo. Humo silaha ni marufuku. Ukisali kwenye kanisa la Waswahili linalopanga jengo, waulizeni wazee wa kanisa wameamua nini. Si swali la bure. Tarehe 29 Desemba 2019, White Settlement, jirani kabisa na sisi, mtu aliingia kanisani na kuwaua waumini wawili, na muumini mwingine mwenye silaha akamwangusha ndani ya sekunde chache. Kwa kisa hicho hicho, makanisa mengine yaliongeza walinzi wenye bastola na mengine yalibandika matangazo ya kuzikataza.

Sasa historia, kwa sababu mtaambiwa na majirani kwamba Texas imekuwa hivi tangu enzi za farasi. Sivyo. Mwaka 1871, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Texas ilipitisha sheria ya kukataza watu wengi kutembea na bastola, na katazo hilo lilidumu zaidi ya karne. Hata miji ya ng'ombe inayosifiwa kwa milio ya risasi iliwataka wageni waache silaha. Mapigano mashuhuri ya Tombstone, Arizona, tarehe 26 Oktoba 1881, yalianza pale wakuu wa usalama walipokwenda kuwanyang'anya silaha watu waliovunja amri ya mji.

Maoni ya watu nayo yamegeuka juu chini. Kentucky na Louisiana zilipokataza silaha za kificho mwaka 1813, fikra iliyokuwapo ni kwamba muungwana huonyesha alichobeba na mwenye kuficha ana nia mbaya. Texas ya 1995 ilifanya kinyume. Mwaka 1991 watu 23 walikuwa wameuawa katika mkahawa wa Luby's mjini Killeen. Suzanna Hupp, aliyewapoteza wazazi wake wote wawili humo, alieleza kwamba bastola yake aliiacha garini kwa kutii sheria. Gavana George W. Bush akasaini leseni ya kubeba bastola, lakini kwa sharti ifichwe. Kuibeba waziwazi, kwa leseni, kuliruhusiwa Januari 2016. Tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na zaidi, asiyezuiwa na sheria, hahitaji hata leseni.

Hata hivyo si Wamarekani wote wanaofurahia. Mwaka 2014, watu wa Texas waliotaka sheria ilegezwe waliingia mikahawani na bunduki ndefu, na wateja wengine wakaogopa. Mikahawa ya Chipotle na maduka ya Target ziliwaomba wateja wasije na silaha. Walmart nayo iliomba isiletwe waziwazi, baada ya mauaji ya Agosti 2019 katika duka lake mjini El Paso, Texas.

Na kuna la rangi, ambalo nalisema waziwazi kila darasa. Mei 1967 wanachama wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi waliobeba silaha kujilinda, waliingia na bunduki katika bunge la California, Sacramento, kupinga mswada wa kuzuia watu kubeba silaha zenye risasi hadharani. Mswada ulipita haraka, na gavana aliyeusaini ni Ronald Reagan. Dallas, tarehe 7 Julai 2016, polisi watano waliuawa kwenye maandamano, na polisi wakasambaza picha ya mwandamanaji mweusi aliyebeba bunduki yake kihalali, wakimwita mshukiwa. Alimkabidhi askari silaha yake, akahojiwa, akaachiwa. Hakuwa na hatia yoyote. Kwa hiyo vijana wanaponiuliza, "Dada, si sheria inaturuhusu?" nawajibu kwamba mimi kamwe nisingewashauri kuibeba waziwazi. Sheria ni moja, lakini anayekutazama ndiye huamua kwa sekunde mbili kama wewe ni mteja au hatari.

Tena chunguza karatasi zako kabla ya kugusa silaha. Sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, inawakataza wengi walio kwenye viza za muda, wakiwemo wanafunzi, kumiliki au kushika bunduki na risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Picha ukiwa umeshika bastola ya rafiki inaweza kuwa ushahidi. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaweza kumiliki, lakini kosa la silaha linaweza kumrudisha alikotoka. Muulize mwanasheria wa uhamiaji. Rafiki wa kazini si mwanasheria.

La mwisho ni watoto, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Novemba 2014, Cleveland, Ohio, jimbo linaloruhusu silaha waziwazi, Tamir Rice mwenye miaka 12 alipigwa risasi na polisi bustanini akiwa na bunduki ya kuchezea iliyokosa ile ncha ya rangi ya chungwa. Vitu kama hivyo huja pia kwenye maboksi ya misaada. Fungua boksi wewe mwenyewe, na ukiikuta ivunje na uitupe kabla watoto hawajarudi shule.