Gari halina spea tairi? Soma hii kabla hujatoa hela

Siku hizi hata gari la zero kilomita unafungua buti, unainua kapeti, unakuta sponji, kachupa ka gundi na kakompresa ka kuchomeka kwa sigareti laita. Spea hamna. Na hizi tunazotoa Japani, Aqua, Demio na wenzao, nyingi zilitoka kiwandani hivyohivyo, kwa hiyo usikimbilie kumuita muuzaji mwizi.

Kiwanda kina sababu zake, spea nzima na rimu inafika kilo 15 hadi 20, wakiitoa gari linakuwa jepesi, linakula mafuta kidogo, gharama inashuka, na kwenye haibridi (gari la petroli na umeme) betri nayo inataka nafasi. Sawa, lakini hiyo hesabu ni ya mtu anayepiga simu akaletewa msaada. Wewe umekwama kati ya Kotido na Kaabong, huko Karamoja, Uganda, usiku utampigia nani? Msimamo wangu spea iwepo, na iwe ndani ya bei kabla hujalipa, maana ukishalipa pale bondi (yadi ya kuuzia magari) hakuna tena anayekujua.

Ile gundi yenyewe inaziba tobo la msumari tu, kama milimita 4 hivi, tena pale tairi linapokanyaga chini. Likichanika ubavuni kwa ile lami iliyomeguka pembeni, haisaidii kitu. Ina tarehe ya kuisha pia, isome. Na ukiitumia mwambie mtu wa pancha mapema, asije akafungua tairi akamwagikiwa uji.

Sasa ukiwa bondi usikubali kuambiwa "iko bosi", itoe spea nje uione. Ubavuni kwenye maandishi ya DOT angalia tarakimu 4 za mwisho, 2314 ni wiki ya 23 mwaka 2014, tairi hilo hata kama meno yamejaa limeshazeeka. Hesabu matundu ya nati kwenye rimu ulinganishe na gari, kuna watu wanakutupia spea ya matundu 4 kwenye gari la 5 ili buti lisionekane tupu! Halafu legeza nati gari likiwa bado chini, piga jeki, inua gurudumu moja palepale, muuzaji acha anune. Ukiona nati moja ina kichwa cha ajabu hiyo ni ya kuzuia wezi, dai ufunguo wake, bila huo hata uwe na spea tatu hutoki.

Kama hamna kabisa, pima lile shimo la buti, andika saizi ya tairi kama ilivyo ubavuni, nenda Ndeeba, kule Kampala kwenye maduka ya spea, ukatafute. Tairi zima likigoma kuingia chukua kale katairi kembamba ka spea ya muda, ila kenyewe kanataka presha 60 (PSI), karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na usizidi kilomita 80 kwa saa. Mtu wa pancha akitaka kukajaza 30 mkatalie, mwonyeshe maandishi. Gari linavutwa na miguu ya mbele na pancha ni ya mbele? Hamisha zima la nyuma lije mbele, kembamba kaende nyuma. Ila kama ni foowili ya muda wote, yaani magurudumu yote manne yanavuta kila wakati, usicheze na saizi tofauti, unaua difu (gia zinazogawa nguvu kwenye magurudumu), hapo tafuta spea inayofanana na mengine hata kama itabidi ikae juu ya kapeti. Ukiiweka hivyo ifunge kamba, breki ya ghafla inaweza kukuletea mpaka kisogoni.