Somo: Kuitambua lulu na kuitunza

Kila msimu wa harusi hapa Mbeya naulizwa jambo lilelile, kwa hiyo naliandika mara moja.

1. Jua ulichonacho. Lulu nyingi za maji baridi hutoka kwa kome wanaofugwa China. Akoya ya Japani ni ndogo na hung'aa sana. Nyeusi ni ya Tahiti. Kubwa, nyeupe au za dhahabu, hutoka Australia, Indonesia na Ufilipino. Lulu ya kufugwa ni halisi, kwani mfugaji hupandikiza tu na chaza huijenga tabaka kwa tabaka. Ukisugua mbili taratibu, halisi hukwaruza kidogo, bandia huteleza.

2. Ivae mwisho, baada ya losheni na manukato.

3. Ukiivua, ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo.

4. Usiiloweke. Uzi wa hariri hunyonya maji, hulegea na hatimaye huoza, kwa hiyo mkufu uliolowa ulazwe juu ya taulo, usitundikwe, wala usivaliwe mpaka uzi ukauke kabisa, jambo ambalo wakati wa kipupwe huweza kuchukua zaidi ya siku moja. Usiuanike karibu na jiko la mkaa, maana lulu ina maji kidogo ndani yake na joto kavu huipasua. Ndimu na siki ni marufuku: lulu ni kalsiamu kaboneti, na asidi huila.

5. Ihifadhi katika mfuko wa kitambaa, mbali na vito vigumu.

MASWALI

Mwanachama, Iringa: Lulu ni bei gani?
Jibu: Ya aina gani, na ya ukubwa gani? Soma hatua ya kwanza.

Mwanachama, Njombe: Nimeisafisha kwa ndimu, imefifia. Itarudi?
Jibu: Hapana. Tabaka lililoliwa halirudi, na onyo nimeliandika.

Mwanachama, Tukuyu: Samahani mwalimu, mkufu alioniachia bibi una fundo baada ya kila lulu. Kwa nini?
Jibu: Umetazama vizuri, dada. Mafundo huzuia lulu zisisuguane, na uzi ukikatika huanguka moja tu badala ya kutawanyika zote. Ukiona uzi umekuwa mweusi tunduni, au nafasi imejitokeza kati ya lulu na fundo, mpelekee fundi autunge upya kwa hariri. Tundu lenyewe nalo husema mengi: kwenye bandia, mara nyingi rangi hubanduka hapo.

Mwanachama, Tukuyu: Na hereni za lulu nusu kutoka Zanzibar?
Jibu: Hizo huota zikiwa zimeshikamana na gamba la chaza, kisha hukatwa. Hazina uzi, lakini nyingi hushikiliwa kwa gundi, kwa hiyo zivue kabla ya kuoga.