Somo: Mahali pa Kupigia Gari Jeki Ukiwa Nyumbani

Swali la "jeki niiweke wapi" lina majibu mawili, ijapokuwa wengi wetu hujibu moja tu: pako mahali pa gari panapostahimili kunyanyuliwa, na pako mahali pa ardhi panapostahimili kubeba. Nitaanza na ardhi, kwa kuwa ndiyo iliyoniponza mwenyewe.

Oktoba moja, nyumbani Kampala, nilibadilisha gurudumu la nyuma kwenye ua wa moramu (udongo mwekundu wa changarawe) ulionyeshewa usiku kucha. Juu palikuwa pamekauka na kushikana kama sakafu, kumbe chini ni uji. Nilipokwisha kulitoa gurudumu, kitako cha jeki kilididimia polepole upande mmoja, jeki ikalala, na gari likashukia gurudumu la akiba ambalo nilikuwa nimelilaza chini ya ukingo wa mlango. Rimu ilikwaruzika, mkono wangu ulisalimika.

Hatua ya kwanza: kagua ardhi

Uzunguke ua kabla hujaegesha gari. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwenye miteremko ya vilima, na jicho lililozoea mteremko huuona kuwa tambarare. Tia maji nusu chupa, uifunge, uilaze chini kwa kufuata urefu wa gari, kisha upana wake. Maji yakikimbilia ncha moja waziwazi, tafuta mahali pengine. Baada ya hapo kandamiza bisibisi ardhini kwa nguvu ya mkono tu. Ikizama kwa urahisi, udongo huo hautabeba jeki.

Epuka kabisa mfuniko wa zege wa tangi la maji taka, hata ukionekana mnene, kwa sababu uzito wa jeki hukusanyika pahali padogo mno. Epuka pia mtaro wa bomba uliofukiwa karibuni. Pevaz (matofali ya zege ya kutandaza uani) zinafaa katikati ya ua, ila si pembezoni, ambako mvua huwa imekwisha kuuchukua mchanga wa chini yake.

Gari dogo lenye uzito wa kilo 1,200 huegemeza takriban kilo 300 juu ya kila gurudumu. Kitako cha jeki kikiwa na sentimita 10 kwa 10, ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30, wenye unene wa sentimita 5, hutawanya uzito huo kwenye eneo kubwa mara tisa. Usiweke tofali la kuchoma badala ya ubao, maana tofali halikuonyi kwa kupinda: hupasuka ghafla.

Hatua ya pili: lizuie gari

Vuta breki ya mkono, uweke giya ya P (ya kuegesha) kama gari ni la otomatiki, au ya kwanza kama ni la manyuo, yaani la kubadilisha giya kwa mkono. Hapa wengi hutosheka mapema. Katika magari madogo mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele, P huzuia mbele na breki ya mkono huzuia nyuma. Ukinyanyua gurudumu moja la mbele, difu (giya zinazogawa mzunguko kati ya magurudumu mawili) huliruhusu lizunguke hewani, na papo hapo P huacha kulizuia gurudumu la mbele lililobaki chini, hivyo gari lote hutegemea breki ya mkono peke yake. Kwa Hiace inayosukumwa na magurudumu ya nyuma hali ni mbaya zaidi ukinyanyua nyuma, kwani giya na breki ya mkono vyote viko upande huohuo unaonyanyuliwa. Ndiyo sababu kabari huwekwa mbele na nyuma ya gurudumu lililo mkabala kwa mshazari na lile unalolitoa.

Hatua ya tatu: tafuta mahali pa gari

Gari dogo lisilo na chasisi ya kujitegemea (fremu ya chuma iliyo mbali na bodi) hunyanyuliwa kwenye ukingo wa bati ulio chini ya milango. Pangusa matope, upapase kwa kidole: utakuta vipengo (mikato midogo) viwili viwili, jozi moja nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, nyingine mbele ya gurudumu la nyuma. Sehemu fupi iliyo kati ya vipengo viwili vya jozi moja ndiyo iliyoimarishwa. Usinyanyulie sampu ya oili (bakuli la oili chini ya injini) wala sakafu ya gari. Bati likimomonyoka kwa kutu unapoligusa, acha kazi hiyo.

Legeza nati magurudumu yakiwa bado chini. Pandisha jeki mpaka iguse, simama, itazame kutoka pande mbili. Ikiwa wima, endelea.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Arua: Ndugu mwalimu, ua wangu ni mchanga mtupu. Nifanyeje?
Jibu: Ndugu, ondoa mchanga uliolegea kwa koleo hadi ufikie ulioshikana, usawazishe, kisha ulaze ubao mpana kuliko nilioutaja. Hata hivyo, jirani mwenye ua wa zege ni bora kuliko mbao zote.

Mwanachama wa Mbarara: Kitabu cha gari langu kimeandikwa Kijapani. Nitajuaje mahali pa jeki?
Jibu: Dada, tafuta ukurasa wenye mchoro wa gari lililoonekana kwa ubavu na mishale chini ya milango, mchoro huo hauhitaji mkalimani. Kisha uulinganishe na vipengo.

Mwanachama wa Entebbe: Je, veranda yenye vigae inafaa?
Jibu: Haifai. Kigae chenye uwazi chini hupasuka, na kisichopasuka huteleza.

Mwanachama wa Kampala: Fundi wangu huingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na anasema amezoea.
Jibu: Jeki ni ya kunyanyulia. Mnunulie stendi mbili za kushikilia gari likishanyanyuliwa, au umpelekee gari kwenye gereji yenye shimo.