Historia ya masasisho imepotea kwenye Windows Server ya zamani: namna ya kuipata tena

Kampuni moja ya usafirishaji hapa Lubumbashi, ya malori yanayokwenda Kasumbalesa, ilitakiwa na wakaguzi ionyeshe masasisho yote ya seva zake mbili, moja ya 2012 R2 na nyingine ya 2016. Fundi wao alifungua ukurasa wa historia akaukuta mtupu, akanipigia simu. Masasisho yenyewe yalikuwepo. Kilichopotea ni orodha tu. Na kwa kuwa msaada wa nyongeza (extended support) wa 2012 R2 uliisha 10 Oktoba 2023, ushahidi wa sasisho la mwisho si jambo la kupuuzwa.

Hatua ya 1: Usifute kitu

Ukurasa wa historia husoma hifadhidata moja, DataStore.edb, iliyomo ndani ya C:\Windows\SoftwareDistribution\DataStore. Sasisho likikwama, mafundi wengi husimamisha huduma ya Windows Update (wuauserv) na kuibadilisha jina folda ya SoftwareDistribution. Windows hutengeneza mpya, na historia huanza sifuri. Kwa hiyo tafuta kwanza kama SoftwareDistribution.old bado ipo. Ikiwepo, inakili kwenye diski ya nje. Ndani yake utakuta ReportingEvents.log, faili ya maandishi inayofunguka kwa Notepad, na mara nyingi hiyo peke yake inajibu nusu ya maswali.

Zile programu za bure zinazoahidi kutengeneza Windows Update kwa kubofya mara moja zisiguse seva kabisa. Nyingi huanza kwa kufuta folda hii hii.

Hatua ya 2: Uliza kwa PowerShell, si kwa kubofya

Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, kwa haki za msimamizi:

$s = (New-Object -ComObject Microsoft.Update.Session).CreateUpdateSearcher()
$n = $s.GetTotalHistoryCount()
$s.QueryHistory(0,$n) | Select Date,Title,ResultCode

$n ikiwa 0, ruka mstari wa tatu, nenda hatua ya 3. ResultCode 2 maana yake limekubali, 4 limeshindwa. Saa zinazotoka hapo ni za UTC (saa ya kimataifa), kwa hiyo kwa Lubumbashi ongeza saa mbili. Usipofanya hivyo, sasisho la saa sita na nusu usiku litaingia kwenye ripoti kwa tarehe ya jana yake.

Hatua ya 3: Soma paketi zenyewe

Hapa ndipo watu wanapotea, kwa hiyo twende polepole.

Historia ya hatua ya 2 ni daftari la mlinzi wa geti: inamjua aliyepita getini tu. Kwetu, ambako intaneti ni ghali, fundi hupakua sasisho mahali pengine, analileta kwa flashi, kisha analiweka kwa DISM, amri ya Windows ya kushughulikia paketi. Sasisho la namna hiyo halipiti Windows Update, na halitaonekana kwenye ukurasa hata kama hakuna aliyefuta chochote. Ghala lenyewe, yaani orodha ya paketi za masasisho zilizowekwa kwenye seva, linasomwa hivi (tengeneza kwanza folda ya C:\ripoti):

dism /online /get-packages /format:table > C:\ripoti\paketi.txt

Kwenye 2012 R2 jina la paketi hubeba namba ya KB (namba ya utambulisho wa sasisho), unaitafuta na kuiona. Kwenye 2016 sasisho la jumla la mwezi huitwa Package_for_RollupFix, na mwishoni mwa jina kuna namba inayoanza na 14393, namba ya toleo la 2016. Ukitafuta KB humo hutaipata, na utasema seva haijasasishwa, jambo ambalo si kweli. Chukua namba inayokuja baada ya 14393, ilinganishe na thamani ya UBR (namba ya sasisho la toleo) kwenye rejista:

HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion

Zikilingana, umepata sasisho la jumla linalofanya kazi sasa. KB yake utaisoma kwenye orodha ya Microsoft ya matoleo ya 14393.

Angalizo: kama kuna aliyewahi kusafisha diski kwa /startcomponentcleanup, paketi za zamani zilizopitwa na mpya huwa zimeondolewa. Kutokuwemo kwake si ushahidi kwamba hazikuwahi kuwekwa.

Angalizo la pili ni Get-HotFix, amri ya PowerShell ya kuorodhesha masasisho, ambayo wengi hukimbilia. Mimi siiwekei mkaguzi mezani ikiwa peke yake. Haionyeshi yaliyowekwa na Windows Installer, kama ya Office, na tarehe zake zinatoka WMI (sehemu ya Windows inayotoa taarifa za mfumo), ambako mwezi huandikwa kwanza kwa mtindo wa Kimarekani. Seva zetu nyingi ni za Kifaransa: 8/11 unaisoma 8 Novemba, kumbe ni 11 Agosti. Tarehe nyingine huja tupu kabisa.

Hatua ya 4: Matukio

Tafuta kwa namba, usitafute kwa maneno, maana kwenye seva ya Kifaransa ujumbe wote ni wa Kifaransa:

Get-WinEvent -FilterHashtable @{LogName='System';ProviderName='Microsoft-Windows-WindowsUpdateClient';Id=19,20}

19 limekubali, 20 limeshindwa. Kisha fungua daftari la Setup kwenye Event Viewer, tukio namba 2: hapo hata yale ya DISM yameandikwa pamoja na tarehe.

Hatua ya 5: Faili za kumbukumbu

2012 R2: soma C:\Windows\WindowsUpdate.log. 2016: endesha Get-WindowsUpdateLog kwanza. Za zamani zaidi za upande wa paketi zimo C:\Windows\Logs\CBS, zimebanwa kwa majina yanayoanza na CbsPersist.

Hatua ya 6: Toa ripoti

Malizia mstari wa tatu wa hatua ya 2 na amri ya hatua ya 4 kwa (badilisha jina kwa kila moja):

| Export-Csv C:\ripoti\jina.csv -NoTypeInformation -Encoding UTF8 -Delimiter ';'

Nukta-mkato ni kwa ajili ya Excel ya Kifaransa, na UTF8 inalinda herufi zenye alama. Kabla hujatoka kwenye seva, panua daftari la Setup lisijifute mapema:

wevtutil sl Setup /ms:20971520