Jinsi ya kutambua modeli za magari ya saluni ya zamani ya Italia, na picha gani uweke ukitaka usaidiwe

Wadau wa Alfa, Fiat na Lancia za zamani, hili swali la "jamani hii ni modeli gani?" linakuja kila siku na karibu kila siku linakuja vibaya, mtu anaweka picha moja ya mbele, boneti imefungwa, gari imeegeshwa kivulini, afu anataka jibu la uhakika. Hapo hata fundi aliyezeekea kwenye Giulia, ile saluni ya Alfa, atabahatisha tu. Haya magari yalitoka kwa aina nyingi zinazofanana mno, na yamepita mikono mingi, kila mwenye gari amebadilisha kitu chake, kwa hiyo tujifunze kutazama kwa mpangilio na kuweka picha za maana.

Kwanza kabisa, nembo ya nyuma isikupe jibu. Nembo inabanduka na kubandikwa kwa dakika chache na mpya zinauzwa kila kona. Kinachosema ukweli ni kile kilichogongwa kwenye bati. Kwenye Alfa za familia ya 105, yaani Giulia na ndugu zake, fungua boneti, utazame ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na ndani ya gari, namba ya chasisi imegongwa pale na inaanza na AR. Safisha kwa kitambaa chenye mafuta taa kidogo, usipige msasa hata kidogo, manake ukilipunguza bati kwenye namba umeliharibu gari na kesho mnunuzi atakuuliza kwa nini pamekwaruzwa.

Karibu na namba hiyo, kwenye magari mengi yaliyouzwa Italia, utaona herufi IGM au DGM, tarakimu kadhaa, afu OM. Hapo ndipo watu wengi wanapita bila kupajali, kumbe ni dhahabu. IGM ni ile Ispettorato Generale della Motorizzazione, idara ya serikali ya Italia ya mambo ya magari, DGM ni jina la baadaye la idara hiyohiyo, OM ni omologazione, yaani uidhinishaji, na hiyo namba ni kibali ambacho serikali ilitoa kwa aina nzima ya gari, sio kwa gari lako peke yake. Maana yake unaweza kuiweka hadharani bila wasiwasi, na mtu mwenye gari la aina hiyohiyo anaweza kulinganisha na lake hapohapo. Namba ya chasisi yenyewe ficha tarakimu tatu za mwisho, kuna watu wanaiba namba za magari halisi na kuzigonga kwenye mabodi mengine.

Pia kuna kibati kilichoandikwa Tipo, yaani aina. Giulia TI ni 105.14, TI Super ni 105.16, Giulia Super ni 105.26, Giulia 1300 TI ni 105.39. Injini nayo ina namba kwenye bloku, ya TI inaanza AR00514, ya Super AR00526, ya 1300 TI AR00539. Lakini injini isikuamulie kila kitu, kwa sababu hizi injini za Alfa za kamshafti mbili (kamshafti ndiyo shafti inayofungua valvu) ni ukoo mmoja, 1290 cc, 1570 cc, 1779 cc na 1962 cc, na gari lililozaliwa na 1290 mara nyingi leo utalikuta na injini kubwa zaidi. Bodi inaweza kuwa 1300 TI kamili na injini ikawa ya 2000, sasa hapo uandike vyote viwili, usichague kimoja.

Tukae kwanza kwenye Giulia, manake ndiyo inayochanganya watu kuliko zote. Ilizinduliwa kwenye uwanja wa mbio wa Monza, Italia, mwaka 1962 kama Giulia TI, taa nne mbele, gia tano, na zile za mwanzo zina gia ya kwenye usukani, siti ya mbele ndefu ya benchi, spidomita ya mstari mlalo na breki za dramu, baadaye ndio wakaweka diski. Ukiona spidomita ya mstari ujue hiyo si Super, Super ya 1965 ilikuja na saa mbili kubwa za duara, za vipimo, mbele ya dereva. Giulia 1300 ya 1964 ni ya taa mbili tu na gia nne, 1300 TI ya 1966 nayo ni taa mbili lakini gia tano, kwa hiyo kwa picha ya mbele peke yake huwezi kuzitenganisha, omba picha ya ndani.

Super zenyewe ziangalie nguzo ya nyuma, pale pembeni ya kioo cha nyuma. Za kwanza zina kidude cha duara cha rangi ya dhahabu, Waitaliano wanaziita bollo d'oro, zilizofuata zina nyoka peke yake, biscione. Kisha ikaja Nuova Super mwaka 1974 na hiyo hata mtoto ataitambua akishaonyeshwa: boneti na mfuniko wa buti vimelala bapa, ule mwinuko wa katikati umeondoka, na grili ni ya plastiki nyeusi. Kuna hadi ya dizeli ya 1976, injini ya Perkins 1760 cc, wengi hawaamini ipo.

Sasa TI Super. Zilitengenezwa 501 tu, miaka ya 1963 na 1964, na zinazojiita TI Super leo nina hakika zimezidi hapo. Dalili ya nje ni kwamba kati ya zile taa nne za mbele, mbili za upande wa katikati hazipo, pana nyavu za kupitisha hewa, na ubavuni kuna quadrifoglio, nembo ya jani lenye vipande vinne. Vyote viwili unaweza kuvinunua na kuvifunga kwenye TI ya kawaida wikendi moja. Kwa hiyo mtu akisema anayo TI Super, kwa heshima zote mwombe Tipo 105.16 iliyo kwenye bati na namba ya injini inayoanza AR00516, afu kabureta mbili za Weber 45 DCOE. Akileta kabureta za 40 tu, bado hamjamaliza mazungumzo.

Kwa wanaochanganya Giulia na Alfa nyingine, 1750 Berlina ya 1968 au 2000 Berlina ya 1971 (berlina ni saluni kwa Kiitaliano), hapa chukua futi ya kupimia. Pima katikati ya ringi la mbele hadi katikati ya ringi la nyuma, upande mmoja, tairi zikiwa zimenyooka. Giulia ni milimita 2510, 1750 na 2000 ni 2570. Mimi naipenda sana hii njia kwa sababu hakuna rangi wala nembo inayoweza kuidanganya futi. Na 1750 iliyopelekwa Marekani ina mfumo wa kuingiza mafuta wa SPICA badala ya kabureta, kwa hiyo ukikuta SPICA anza kuuliza habari za Marekani.

Futi hiyohiyo inakusaidia kwenye Fiat. Fiat 124 ya 1966 ni milimita 2420, Fiat 125 ya 1967 ni 2505, na ukitazama milango inafanana kwa sababu kabini ni ileile, tofauti imejificha chini na nyuma. 125 ya Italia ina taa za pembe nne na injini ya 1608 cc ya kamshafti mbili. Ukiona bodi ya 125 yenye taa nne za mviringo, hiyo ni Polski Fiat 125p ya Poland, na chini ya boneti utakuta injini za zamani za 1295 cc au 1481 cc. Ni gari la heshima zake, ila liitwe jina lake.

124 nayo ina ndugu wengi. Ya mwanzo ni 1197 cc, Special ya 1968 ni 1438 cc na taa nne, Special T ya 1970 ndiyo yenye kamshafti mbili. VAZ-2101 ya Urusi ya 1970 kwa mbali ni 124 tupu, lakini vitasa vyake vya milango vimezama ndani ya bati, breki za nyuma ni dramu wakati Fiat ina diski tairi zote nne, na kamshafti iko juu kwenye silinda hedi, ya 124 ya kawaida iko chini kwenye bloku. Murat 124 ni ya Uturuki, SEAT 124 ni ya Hispania, na Premier 118NE ya India ina injini ya Nissan.

Lancia Fulvia Berlina nitaipitia haraka. Ya 1963 ni 1091 cc kabureta moja, 2C ya mwaka uliofuata ni kabureta mbili kama jina linavyosema, GTE ni 1298 cc. Fiat ilipoinunua Lancia 1969 ikaja toleo la pili, umbali wa ringi kwa ringi ukapanda kutoka 2480 hadi 2500. Milimita 20 ni kidogo, pima pande zote mbili.

Ukishapata modeli, mwaka unautafuta kwenye vitu vidogo: alama za tarehe kwenye pembe za vioo, namba zilizoko kwenye taa za kampuni ya Carello, na kibandiko kinachotaja rangi ya gari ambacho mara nyingi kiko ndani ya mfuniko wa buti. Kioo kimoja chenye tarehe ya mbali kimebadilishwa tu, vitano vikikubaliana ndio uamini. Kama bado ina vibao vyeusi vya Italia ilisajiliwa kabla ya plate mpya za 1985, na herufi kama MI (Milano) au TO (Torino, yaani Turin) zinakwambia mkoa.

Kwa hiyo ukiomba msaada weka: mbele, nyuma na ubavu mzima ukiwa umesimama mbali kidogo, nguzo ya nyuma kwa karibu, dashbodi yote, injini pande zote mbili, kibati cha Tipo, namba ya OM, na kipimo cha ringi kwa ringi. Anayejibu naye aseme ameona nini kilichomfanya aseme hivyo, "nadhani ni Super" haimsaidii mtu, "ni Super kwa sababu ya saa mbili za duara na 105.26" inamsaidia yeye na wengine kumi wanaosoma. Mkibishana na hamfiki, mwenye gari aombe cheti cha asili kutoka Heritage, idara ya magari ya zamani ya Stellantis (kampuni inayomiliki majina haya leo) kule Turin, wanatoa kwa Alfa, Fiat, Lancia na Abarth kwa kutumia namba ya chasisi, na cheti kikija kiwekeni pamoja na picha zilezile za mwanzo ili mwenye gari kama hilo awe na cha kulinganisha.