Fantasi ya besiboli: namna ya kupanga timu kwa sheria mpya za MLB

Wakuu, wengi wetu tumezoea fantasi ya ligi kuu ya Uingereza, sasa hii ya besiboli ya Marekani (ligi kuu yao inaitwa MLB) ukiingia na akili ile ile utaburuzwa mkiani mpaka Septemba. Naeleza ninavyofanya mimi, hasa tangu 2023 mana sheria za mwaka ule zimegeuza kabisa thamani ya wachezaji.

Hatua ya 1: chagua ligi. Anza na roto ya timu 12, yaani timu zinapangwa nafasi kwenye kila kipengele kisha pointi zinajumlishwa. Wapigaji wanahesabiwa wastani wa kupiga, houmurani (mpira unapigwa mpaka nje ya uwanja, mpigaji anazunguka besi zote, yaani vituo vinne), mikimbio (kumaliza mzunguko wa besi na kufunga), RBI (mikimbio anayowaingizia wenzake au yeye mwenyewe kwa kupiga) na besi za kuiba (mkimbiaji kuwahi besi inayofuata bila mpira kupigwa). Warushaji ni ushindi, seivu (kumalizia mechi na kulinda uongozi mwembamba), straikiauti (kumtoa mpigaji kwa straiki tatu), ERA (wastani wa mikimbio anayofungwa mrushaji kwa iningi, yaani awamu, tisa) na WHIP (wapigaji anaowaruhusu kupanda besi kwa kupiga au kwa boli nne, kwa kila iningi). Anayeongoza kipengele anapata pointi 12, wa mwisho 1, kwa hiyo houmurani peke yake hazikupi ubingwa. Alafu mchezaji akishachukuliwa na mwenzio ndo basi tena, sio kama kule Haaland yuko kwenye kila kikosi.

Hatua ya 2: soma sheria kabla ya majina. Hapa ndo penye utamu wenyewe. 2023 MLB waliweka saa ya kumbana mrushaji, sekunde 15 besi zikiwa tupu na 20 kukiwa na mkimbiaji (mwaka uliofuata ikashushwa 18). Besi zikapanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18. Na mrushaji anaweza kukatisha urushaji ili kumgeukia mkimbiaji mara 2 tu kwa kila mpigaji, akijaribu ya tatu asimtoe, mkimbiaji anasogea besi moja bure. Sasa angalia inavyokuwa: jamaa yuko besi ya kwanza, mrushaji kashamgeukia mara mbili, saa inahesabu, jamaa anajivuta hatua nyingine kuelekea besi ya pili mana anajua kugeukiwa tena ni hatari kwa mrushaji sio kwake, sekunde zinakaribia kuisha, mpira lazima urushwe, na ukitoka tu mkononi yeye kashatimka. Besi za kuiba zilitoka 2,486 msimu wa 2022 zikafika 3,503 msimu wa 2023! Mechi nayo ilishuka kutoka wastani wa saa 3 na dakika 4 hadi kama saa 2 na dakika 40. Waliosema besiboli itaharibika kwa kuwekewa saa mimi sikubaliani nao hata kidogo, imepona.

Hatua ya 3: drafti (kuchagua wachezaji kwa zamu). Usichukue mtu wa mbio tupu asiyepiga. Tafuta anayekupa vyote, kama Ronald Acuña Jr. 2023 (houmurani 41, besi 73) au Shohei Ohtani 2024 (54 na 59). Hao wanaondoka raundi ya kwanza, ila cheki kwanza jukwaa lako linamhesabu Ohtani mtu mmoja au linamgawa mpigaji na mrushaji. Raundi za katikati ndo wengi wanazembea. Josh Naylor ni mzito wa miguu kabisa, lakini 2025 aliiba besi 30 na houmurani 20 juu, kwa kumsoma mrushaji tu. Kwa hiyo mimi siangalii kasi, naangalia mtu anajaribu mara ngapi na anafanikiwa mara ngapi.

Hatua ya 4: warushaji. Mmoja wa uhakika mapema, wafunga mechi wawili baadaye kwa ajili ya seivu, waliobaki utawaokota kwenye waiva (orodha ya wachezaji wasio na timu kwenye ligi yenu). Hapa nina dukuduku na ile sheria ya kuweka mkimbiaji wa bure besi ya pili kwenye iningi za nyongeza (mechi ikiwa sare). Akifunga hahesabiwi kwenye ERA, sawa, ila mrushaji wako anaweza kubebeshwa kipigo kwa mtu ambaye hakumpandisha yeye, mi naona waitoe. Ila rufaa za mashine kwenye straiki na boli (mpira uliopita ndani au nje ya eneo la kupiga), zilizopitishwa kuanza 2026, nimezipokea kwa mikono miwili. Mpigaji, mrushaji au mdakaji anagusa kichwa tu, maamuzi yanakaguliwa palepale, na timu ikipatia haipotezi rufaa yake.

Hatua ya 5: kila siku. Mechi nyingi za jioni New York kwetu Afrika Mashariki ni kama saa nane usiku, kwa hiyo panga kikosi kabla hujalala, angalia nani anarusha leo, majeruhi mtupe kwenye nafasi ya IL (orodha ya majeruhi) upate pa kuingiza mwingine.