Somo: Kuchagua keria ya gari kwa baiskeli na vifaa vya michezo

Wengi huanza na mzigo: "Nina baiskeli tatu, nitafutie keria ya baiskeli tatu." Anza na paa. Keria iking'oka kwenye gari njiani, kwa kawaida chuma chake ni kizima. Kilichoshindwa ni pale iliposhikia gari.

Hatua ya 1: Kagua paa

Simama kwenye kizingiti cha mlango utazame paa kwa karibu. Kama kuna reli mbili zilizoinuka na mkono unapita chini yake, kama Prado nyingi, kazi yako ni nyepesi: miguu ya keria inabana reli, na baa za kukatiza, zinazolala toka upande mmoja wa paa hadi mwingine, unazisogeza mbele au nyuma upendavyo. Tikisa reli kwa nguvu kwanza, kwani kuna gari zenye reli za urembo tu. Kama reli zimelala juu ya bati na mkono haupiti, omba miguu iliyotengenezwa kwa reli hizo. Ile ya reli zilizoinuka haitashika. Hiace na Land Cruiser hardtop zina mfereji wa maji ya mvua pembeni, na hapo ndipo keria hung'ata. Ni mahali imara, ila kwaruza rangi kidogo uone kama kuna kutu chini yake.

Paa tupu ndilo linalosumbua. IST, Ractis na Noah nyingi ziko hivyo. Mguu wa keria unakaa juu ya bati kwa raba, na ndoano ya chuma inaingia ndani ya fremu ya mlango. Ndoano na raba hizo hukatwa kwa umbo la gari husika, modeli na mwaka wake. Muuzaji akikuambia "hii inaingia gari zote", usinunue. Ndoano isiyo yake hushika kwa ncha, inakunja mdomo wa bati, inabonyeza raba ya mlango hadi maji yanapenya, na breki kali moja inatosha kuisogeza.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kilo

Kila gari lina kikomo cha uzito juu ya paa, na kikomo hicho ni cha gari likiwa linatembea. Gari nyingi ndogo hupewa kati ya kilo 50 na 75. Tatizo letu ni kwamba kitabu kilichokuja na gari ni cha Kijapani. Tafuta ukurasa wenye mchoro wa paa lenye mzigo, usome namba iliyo kando ya "kg". Usipoiona, shika 50 usiivuke.

Keria yenyewe imo ndani ya kikomo hicho. Baa mbili na miguu yake ni kama kilo 6. Kibebeo, yaani kishikio cha baiskeli moja kinachofungwa juu ya baa, ni kilo 4, na baiskeli ya milimani kilo 14; jumla 18. Kwenye paa la kilo 50 zinabaki 44 baada ya baa: baiskeli mbili ni 36, zinaenea. Ya tatu inafikisha 54, hiyo iingie ndani ya gari. Kwa paa la kilo 75 zote tatu zinakaa.

Hatua ya 3: Kufunga

Osha paa kwanza. Vumbi la Dodoma likibaki chini ya raba linakuwa msasa, na rangi inaisha bila wewe kuona. Acha nafasi ya takriban sentimita 70 kati ya baa na baa, isipokuwa maelekezo ya keria yanasema vingine. Pima kushoto na kulia. Zikitofautiana, baa imekaa upande na itajilegeza yenyewe. Kaza miguu minne kidogokidogo kwa mkingamo, kama nati za tairi. Ukimaliza, shika baa utikise: gari zima linatakiwa kuyumba. Kama baa inacheza peke yake, rudia.

Hatua ya 4: Kupakia

Kizito katikati, kirefu kifuate urefu wa gari. Toa chupa za maji, pampu na taa kwenye baiskeli. Tumia mikanda ya kufungia mizigo. Mpira wa tyubu unavutika, na mzigo unaovutika unapata nafasi ya kuruka kwenye matuta. Kisha pima kimo. Noah ina takriban mita 1.85, na baiskeli iliyosimama juu yake inakupeleka karibu na mita 3. Andika namba hiyo kwenye karatasi, ibandike mbele ya dereva. Linta ya geti la nyumbani imevunja baiskeli nyingi, kwa kuwa mtu amefika na amesahau.

Hatua ya 5: Njiani

Kaza tena baada ya kilomita 30 hivi. Ukitoka Dodoma kuelekea Morogoro, simama Chamwino. Upepo haupandi sawa na mwendo: kutoka 80 kwenda 100 kwa saa, nguvu yake juu ya mzigo inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Upande wa Bahi na Manyoni ni tambarare, upepo unakuja ubavuni. Punguza mwendo, hasa unapopishana na lori.

Maswali ya wanachama wa kundi letu

*Wakuu, fundi wa kuchomelea hapa Majengo anaweza kunitengenezea keria?*

Anaweza, kwa gari lenye mfereji au reli imara. Bomba la mraba la milimita 25 lenye unene wa 1.5 lina kilo 1.1 kwa mita. Mita 12 ni kilo 13 kabla ya miguu. Akitumia la 40 kwa unene wa 2, kila mita ni zaidi ya kilo 2, na umeshakula nusu ya kikomo. Asichomelee wala kutoboa bati la paa.

*Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa michezo, Kongwa. Nataka kubeba mabomba ya magoli ya mita 3 juu ya Noah.*

Mwalimu, yafunge pamoja kwanza yawe kitu kimoja, kisha mikanda miwili kwenye baa. Ongeza kamba ya mbele mpaka kitanzi cha kuvutia gari chini ya bampa, na nyingine nyuma. Hiyo ya mbele ndiyo inayozuia mzigo kuinuka. Ncha ikizidi nyuma, funga kitambaa chekundu. Nyavu na mipira viingie ndani.

*Baiskeli yangu ni ya kaboni. Kibebeo kinabana fremu. Kuna shida?*

Ipo, dada. Bomba la kaboni linapasuka kwa kubanwa, na ufa unaweza usionekane. Chukua kibebeo kinachobana tairi la mbele, au cha kutoa tairi na kushika foku, yaani uma unaobeba tairi la mbele. Kwa cha foku, angalia ekseli kwanza: ya kuchomoa haraka huwa milimita 9, ya kupenya milimita 12 au 15, na haziingiliani bila adapta.

*Si bora keria ya mlango wa nyuma?*

Kupakia ni rahisi na upepo ni mdogo. Ila ikifunika namba ya gari au taa za breki, trafiki atakusimamisha, na ana haki. Baiskeli za nyuma pia hula vumbi lote kwenye barabara ya changarawe; funika mnyororo.

*Keria yangu inapiga mluzi nikifika 60.*

Ziba mfereji wa juu ya baa kwa utepe wake wa raba. Kama kinacholia ni mkanda, usokote mara moja kabla ya kuukaza.

*Naweza kuiacha juu mwaka mzima?*

Inakula mafuta hata ikiwa tupu, na jua linakausha raba na mikanda. Ukiiacha, ifungue kila baada ya miezi michache uoshe chini ya miguu. Mkanda uliopauka na kuwa mgumu ukiukunja, utupe.